Mtungi, Jokofu na Chupa ya Insulini

Mgonjwa wa kisukari wa Nandagala asiye na jokofu huambiwa aihifadhi insulini ndani ya chungu kilichowekwa katika chungu kikubwa, na kati yao mchanga uliolowanishwa. Ushauri huo umesimama juu ya kanuni ya termodinamiki.

Mchakato wa hiari ni ule unaoendelea, katika hali iliyopo, pasipo kusukumwa na nishati ya nje. Maji yanayopenya kwenye udongo wa chungu hugeuka mvuke yenyewe, ingawa kila lita hunyonya takriban kilojuli 2,400 za joto. Huenda msomaji akashangaa: kitu kinachodai joto chawezaje kujiendea? Josiah Willard Gibbs, Mmarekani, alilijibu swali hili katika maandishi yake ya 1876 hadi 1878: joto hupimwa pamoja na entropia, yaani mtawanyiko wa nishati na chembe. Mvuke hutawanyika mno kuliko maji, na katika hewa kavu faida hiyo huishinda gharama ya joto. Masika yakifika na hewa ikajaa unyevu, uvukizaji hufifia, na chungu hakipozi tena kama wakati wa kiangazi. Mhudumu na amweleze mgonjwa jambo hili mapema.

Jokofu hufanya kinyume: hulihamisha joto kutoka penye baridi kwenda penye joto, jambo lisilo la hiari, kwa hiyo hudai umeme. Umeme ukikatika, joto hurudi ndani lenyewe.

Neno hiari lisitupotoshe tukadhani ni haraka. Insulini nayo huharibika kwa hiari: molekuli zake hukunjuka na kushikamana kuwa nyuzi zisizofanya kazi. Baridi huchelewesha tu. Ndiyo maana chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Chungu hakifiki huko. Hivyo dawa iliyomo humo hufuata idadi ya siku zilizoandikwa kwenye karatasi yake kwa hifadhi ya nje ya jokofu, na tarehe ya kuanza iandikwe juu ya chupa. Barafu nayo ni adui: insulini iliyoganda, hata ikiyeyuka, isitumike.

Insulini angavu ikionesha ukungu, itupwe. Ile ya maziwa huviringishwa taratibu viganjani. Mabonge yakibaki, mgonjwa airudishe kituoni apewe nyingine.