Fika Dadaab Kabla ya Magharibi

Madereva wa Garissa wana kanuni moja: adhana ya magharibi ikukute umeshafika. Mgeni akiisikia hudhani ni mambo ya dini, au ya fisi. Kwa kweli ni mambo ya historia. Usiku wa upande huu wa mto Tana umewahi kufungwa na kufunguliwa na serikali kama mlango wa duka, na mtu haujui mji wetu mpaka aujue usiku wake.

Toka Nairobi mapema. Mabasi huondoka Eastleigh, hupitia Thika na Mwingi, na baada ya kilomita 370 hivi unafika Madogo, ng'ambo ya Garissa. Hapo kitambulisho au pasipoti iwe mkononi, si kwenye begi lililofungwa juu ya basi. Ukaguzi wa darajani ni wa kushuka na kupanga foleni, na anayeanza kupekua mizigo wakati huo huwachelewesha watu hamsini. Daraja lenyewe usilipige picha, wala askari.

Ukiwa kwenye foleni huenda ukamsikia mzee anayevuka kwenda Nairobi akisema, "Naenda Kenya." Usicheke. Wakoloni waliliita eneo hili NFD (Northern Frontier District) na kulifanya wilaya iliyofungwa, huingii wala hutoki bila kibali. Uhuru ulikuwa haujamaliza mwezi ilipotangazwa hali ya hatari, Desemba 1963, vita vya Shifta, vya kutaka kujitenga, vikianza. Vita viliisha 1967. Hali ya hatari ikaondolewa 1991. Mtoto aliyezaliwa katikati ya hapo alikua akijua kwamba jua likizama, barabara si yake.

Garissa lala angalau usiku mmoja. Mchana ukiwa mkali, na huwa mkali hasa, nenda Bour-Algi, kilomita chache kusini mwa mji, ukaone twiga wakitembea karibu na maboma ya watu kama majirani waliozoeana. Jioni teremka Suuq Mugdi. Jina hilo ni la Kisomali, maana yake soko la giza, na wageni huniuliza kama ni la magendo au la majini. Ni la dirac, yaani magauni ya Kisomali, viatu, manukato na sufuria. Limewahi kuungua, na wenye vibanda wakarudi na mabati mapya. Salimia kwanza, bei baadaye. Mwanamke aliyekuzidi umri mwite mama au eddo, mwanamume adeer, na bei itashuka yenyewe, kidogo.

Kumbi za dansi usizitafute, na baa ni chache mno. Starehe ya usiku hapa ni chai na miraa. Miraa hutoka Meru, vifungu vimeviringwa kwenye majani ya mgomba, na magari yanayoileta huendeshwa kana kwamba yamebeba damu ya hospitali, maana jani likikauka hasara ni ya mwenye meza. Wauzaji wengi ni akina mama. Ukikaribishwa kwenye mkeka, angalia wenzako: kijiti kinashikwa kwa vidole viwili, gome laini linabanduliwa kwa meno ya mbele, linasukumwa shavuni, kinafuata kipande cha Big G na njugu mbili tatu. Saa ya kwanza kila mtu anaongea. Handas, yaani uchangamfu wa miraa, ikishapanda, mmoja anaongea na wengine wanamsikiliza. Huyo mmoja ndiye unayemtafuta. Kama hutafuni, agiza chai ya maziwa ya ngamia ukae tu, hakuna atakayekulazimisha.

Wazee wa mkekani wanakumbuka redio kuliko muziki. Idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza 1957, ilipofika saa yake mji ulinyamaza, na mwenye redio alikuwa na wageni asiowaalika. Baada ya hapo zilipigwa kaseti za Mogadishu. Wanakumbuka pia kafyu. Mojawapo ilitangazwa Aprili 2015, saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikagusa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Mwanzoni watu walitafuna miraa ndani, kila mmoja kwake, na miraa ya peke yako, walivyosema, ni majani tu.

Usiku ukizama, mtu atataja Bulla Kartasi. Bulla ni mtaa. Kartasi ni karatasi, kama kwa Kiswahili. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliingia kumtafuta mtu mmoja vikauchoma mtaa mzima, kisha wakazi wakazuiliwa siku kadhaa kwenye uwanja wa shule ya msingi ya Garissa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililiandika jambo hili katika ripoti yake ya 2013. Pita mtaani mchana, pole pole, bila kamera. Hakuna bango linalokueleza lililotokea. Huko Wajir, kiwanja cha ndege cha Wagalla nacho kina mauaji yake ya Februari 1984, na kinahitaji safari yake peke yake.

Halafu kuna chuo kikuu. Wageni huniuliza, kwa sauti ya chini, kuhusu "bweni lenye mizuka". Wanamaanisha Elgon, ambako wavamizi waliwazuilia wanafunzi alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa siku ile. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016 na vijana wanasoma humo. Ukiwa na shughuli, omba ruhusa langoni. Ukiwa huna, usiende. Na askari wa lango usimuulize kama husikia sauti usiku. Niliwahi kumsikia mgeni akiuliza hivyo. Askari aliweka kikombe chake chini, akamwambia, "Nasikia jenereta."

Kwenda Dadaab, kilomita mia moja hivi kaskazini mashariki, uwe na kibali cha kuingia kambini kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, umekipata mapema, na mwenyeji anayejua saa ya kufika kwako. Uliza hali ya usalama asubuhi ile ile, si wiki iliyopita. Msimu wa mvua matope hunasa hata lori. Njiani ni mchanga mwekundu, migunga, na mathenge, ule mti wa kigeni ulioletwa kuzuia jangwa na sasa wenyewe ndio unaotaka kuzuiwa. Miiba yake hutoboa gurudumu. Beba la akiba.

Dadaab yenyewe ni mji mdogo wa wenyeji. Kambi zinauzunguka: Ifo ya 1991, kisha Dagahaley kaskazini zaidi na Hagadera kusini, zote mbili za 1992. Zilijengwa kwa watu 90,000. Njaa ya 2011 ilipofika, kulikuwa na zaidi ya 400,000. Soko la Hagadera lione asubuhi: nyama ya ngamia, simu, nguo za harusi, mikokoteni ya punda ikigombania njia. Ifo tafuta kahawa kwa Wahabeshi. Msemaji wa Kiswahili atashtuka zaidi akikutana na mzee wa Kibantu wa Somalia anayezungumza Kizigua, lugha ya Handeni, Tanzania, aliyoachiwa na babu zake waliopelekwa bonde la Juba karne ya 19. Wengi wao walihamishiwa kambi ya Kakuma 2002, wakapelekwa Marekani.

Majumba ya mizuka ya Dadaab hayakuachwa na wafu. Kambi mpya ya Ifo 2 ilikuwa tayari kabla ya njaa, ikiwa na shule, matangi ya maji na vyoo, lakini serikali haikutaka ifunguliwe. Watu waliokuwa wametembea kutoka Somalia wakajenga vibanda vya matawi na matambara nje, wakitazama matangi. Raila Odinga, Waziri Mkuu wakati huo, alikuja Julai 2011 akasema ifunguliwe. Ikajaa. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kuifunga Dadaab yote, na ingawa Mahakama Kuu ilibatilisha amri hiyo Februari 2017, kambi nyingine, Kambioos, ilifungwa mwaka huo na Ifo 2 mwaka uliofuata. Kiswahili kina neno mahame, na sijui pengine linapofaa zaidi: ukuta wa udongo bila paa, na mlango uliochukuliwa kuwa kuni. Ukame uliofuata ulileta watu wengine, maisha yakarudi Ifo 2. Ukienda, usifikirie unazuru magofu. Kuna mtu amelala humo.

Mzuka wa pili hauna nyumba. Unaitwa buufis, neno linalotokana na kupuliza, kama upepo uliomjaa mtu: hamu ya kupelekwa ng'ambo. Hukaa naye miaka, na jibu la "hapana" likija, wapo wanaougua kweli. Kwa hiyo mgeni mwenye pasipoti ya nje asizungumze ovyo kuhusu viza, wala asiahidi "kuulizia".

Alasiri rudi Dadaab mjini, ulale huko, si kambini. Oga maji ya ndoo, kula wali na nyama ya mbuzi, kaa uani. Umeme mwingi sokoni ni wa jenereta ya mtu binafsi, na kwa mbali utasikia kibanda cha video kikishangilia bao la ligi ya Uingereza. Mwenyeji wako akikupenda atakusimulia habari za qori ismaris, mtu anayejisugua kwa kijiti magharibi akawa fisi, na alfajiri akajisugua tena akawa mtu. Atakuambia ni ngano za watoto. Jenereta itazimwa. Punda atalia, halafu kitu kingine, karibu zaidi, na mwenyeji atanyamaza katikati ya sentensi, anyanyuke, aende kujaribu komeo la lango.