Nguvu za Kiume Zikipungua, Tupime na Moyo

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo akina baba wengi hulificha hata kwa wake zao: kupungukiwa nguvu za kiume. Nyumbani huleta ukimya na lawama. Mama hudhani mumewe ana mwingine nje. Baba hudhani amerogwa. Wakati huohuo ugonjwa wenyewe unaendelea mwilini.

Si tatizo la wachache. Uchunguzi uliofanywa wilayani Kinondoni na kuchapishwa mwaka 2016 ulilikuta kwa karibu robo ya wanaume waliohojiwa. Mwingine wa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, ulilikuta kwa zaidi ya nusu ya wanaume wenye kisukari waliochunguzwa.

KWA NINI HUTOKEA?

Uume husimama damu inapoujaza. Mishipa inayopeleka damu huko ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu. Ile inayolisha moyo ni milimita 3 hadi 4. Shinikizo la damu, kisukari, mafuta mengi katika damu na sigara huharibu mishipa yote, lakini iliyo myembamba huonyesha dalili kwanza. Kisukari huharibu na mishipa ya fahamu. Ndiyo maana tatizo hili laweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka 2 hadi 5.

Si kila mara chanzo ni mishipa. Mawazo mengi, ulevi na baadhi ya dawa huweza kulileta pia. Bila kupima hatuwezi kujua.

TUFANYE NINI?

1. Baba aende hospitali, kama vile Temeke au Mwananyamala, apimwe shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu. Mama amsindikize.

2. Tusinunue vumbi la Kongo wala vidonge vya mitaani. Vidonge vya kuongeza nguvu vikikutana na dawa za nitreti, wanazopewa wenye maumivu ya moyo, shinikizo hushuka ghafla na mtu aweza kufa.

3. Anayetumia dawa za shinikizo asiziache mwenyewe. Amweleze daktari, naye aweza kumbadilishia.

4. Tuache sigara, tupunguze pombe, soda, chumvi na vyakula vya kukaanga, na tutembee kwa miguu nusu saa kila siku.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Baba anayesema mapema huenda akaokoa amani ya nyumba yake na uhai wake pia.