Uvimbe wa ngozi: Usiuminye, usiukate kwa wembe

JE, msomaji, umewahi kupapasa kinundu shingoni au mgongoni ukaingiwa na hofu kwamba ni saratani? Usihangaike. Uvimbe mwingi wa ngozi hauna hatari wala hauambukizi. Mara nyingi madhara huletwa na mikono yetu wenyewe. Hebu tuangalie aina tatu zinazoonekana sana.

Uvimbe wa mafuta

Madaktari huuita lipoma. Ni laini, kwa kawaida hauumi, na ukiubonyeza huteleza chini ya ngozi. Hukua polepole kwa miaka mingi. Usipokusumbua, unaweza kuuacha. Hakuna dawa ya kupaka wala ya kumeza inayouyeyusha. Ukitaka uondoke, dawa yake ni upasuaji mdogo.

Uvimbe wa kifuko

Hiki ni kifuko kilicho chini ya ngozi, chenye uchafu mweupe, mzito na wenye harufu mbaya. Mara nyingi huwa na kitundu cheusi katikati. Hutokea sana usoni, shingoni na mgongoni.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukikiminya, uchafu hutoka lakini kifuko hubaki, na baada ya muda hujaa tena. Mbaya zaidi, kinaweza kupasukia ndani, mahali hapo pakafura, pakapata joto na kuuma. Daktari hukudunga sindano ya ganzi akakitoa chote pamoja na ukuta wake, nawe ukarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kikiwa na usaha, kwanza usaha hutolewa. Kifuko chenyewe huondolewa baadaye, uvimbe ukishatulia.

Vinyama vinavyoning'inia

Hivi huota shingoni, makwapani na kwenye kinena. Huwapata zaidi watu wanene na wenye ugonjwa wa kisukari, kwa hivyo vikizidi, nenda upimwe sukari. Usivikate kwa wembe, kwani vitatoka damu na viini vitaingia kwenye kidonda. Daktari huviondoa kwa dakika chache.

Kabla ya upasuaji wowote, mweleze daktari ikiwa makovu yako hufura na kuwa makubwa kuliko kidonda chenyewe. Makovu hayo, yaitwayo keloidi, hupenda kuota kifuani, mabegani na masikioni, na yaweza kukusumbua kuliko uvimbe ulioondolewa.

Usichelewe

Muone daktari mapema ukiona mojawapo ya dalili hizi:

• Uvimbe unaokua haraka, ulio mgumu au usiosogea, au uliozidi sentimita 5.

• Kidonda kisichopona au kinachotoka damu.

• Doa jeusi linalopanuka kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha.

• Madoa ya rangi ya zambarau.

• Uvimbe wowote kwenye titi, au tezi zilizofura shingoni na makwapani.

Doa la wayoni lisidharauliwe. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, saratani ya ngozi iitwayo melanoma hujificha hapo mara nyingi. Ukioga leo, geuza nyayo zako uzitazame.