Uhakika wa watu hamsini

Neno "nina uhakika" limekuwa jepesi mno vinywani mwetu. Mtu kapokea ujumbe wa simu usiojulikana umetoka wapi, ana uhakika. Kamwona mke wa jirani akishuka kwenye gari asilolijua, ana uhakika. Sokoni mmoja akipiga kelele "mwizi!", watu hamsini ambao hawakuona chochote wana uhakika, kiasi cha kuokota mawe na kutafuta tairi.

Wanazuoni wa fiqhi wameyapambanua mambo haya. Yakini ni kujua bila ya kusita. Dhana ni pale upande mmoja unapokuwa na uzito kuliko wa pili. Shaka ni pande mbili kulingana sawasawa. Na dhana ikipata nguvu hata ikakaribia yakini, huitwa ghalabatu dhann. Hii ndiyo inayokaribiana na kile ambacho wanasheria wa Magharibi wamekiita uhakika wa kimaadili. Si uhakika wa hesabu, kwamba kumi ni zaidi ya tatu, bali ule unaomtosha mtu mwenye akili na uadilifu kuchukua hatua.

Sheria haidai uhakika wa hesabu katika kila jambo. Msafiri asiyejua kibla hujitahidi kukitafuta, kisha huswali. Kadhi husikiliza mashahidi waadilifu akahukumu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe, katika Hadithi ya Ummu Salama, ameeleza kuwa huhukumu kwa anayoyasikia, na kwamba aliyepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi wake amekatiwa kipande cha moto. Hukumu imepita, lakini haramu haikugeuka halali.

Lipo jambo ambalo wengi hulisoma katika mlango wa twahara kisha wakaliacha humo humo: yakini haiondolewi na shaka. Uliyetawadha kisha ukashuku, udhu wako upo. Mume anayeshuku kama alitamka talaka au hakutamka, ndoa yake ipo. Usiku wa kuamkia tarehe thelathini mwezi haukuonekana, tunakamilisha siku 30. Sasa huyu jirani yako, ambaye asili yake ni kutokuwa na hatia, kwa nini heshima yake ivunjike kwa shaka ambayo isingetosha hata kuvunja udhu?

Tena kadiri madhara yanavyokuwa makubwa, ndivyo ushahidi unavyotakiwa kuwa mzito. Deni lina mashahidi wawili. Zinaa ina wanne, na anayemsingizia mwanamke mtwaharifu bila ya kuwaleta anastahiki viboko 80 (24:4). Adhabu za hudud huzuiwa na utata. Mahakama zetu nazo zina ngazi: katika madai mizani ikielemea upande mmoja inatosha, katika jinai shitaka lithibitishwe pasipo kuacha shaka ya maana.

Huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1850, katika kesi ya Profesa John Webster aliyeshitakiwa kwa mauaji, Jaji Lemuel Shaw alieleza kuwa shaka ya maana ipo pale ambapo waamuzi, baada ya kupima ushahidi wote, hawana uhakika wa kimaadili wa ukweli wa shitaka. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaonyesha kutoridhishwa na matumizi ya maneno hayo, kwa kuwa maana yake imebadilika. Anayeyasikia leo anaweza kudhani anaruhusiwa kufuata hisia zake badala ya ushahidi.

Hilo ndilo gonjwa la pale sokoni. Atasema mtu, lakini tulikuwa wengi! Wingi una hoja, kwani habari ya mutawatir huleta yakini. Lakini sharti lake ni kuwa waliotangulia kuipokea wawe wameona au wamesikia wenyewe. Watu hamsini waliosikia sauti moja ni shahidi mmoja tu, na huyo hajaulizwa aliona nini.

Usama bin Zayd (r.a.) alimuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, akiamini kwamba kaitamka kwa kuogopa silaha. Dalili zilikuwa upande wake. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama aliupasua moyo wa yule mtu akajua, akalikariri lawama lake hata Usama akatamani kuwa angesilimu siku ile ile.