Mizigo na kikaratasi



Tuseme mama wa Kasongo anamtuma kijana wa baiskeli mpaka Kabambare: alete mchele, karanga na mawese. Kijana anarudi mzima, mama anafurahi, anamlipa. Kesho anafungua mizigo: mchele iko, karanga iko, mawese hakuna. Kumbe ndani ya mfuko mlikuwa kikaratasi: «Mawese yamekosekana.» Hakukisoma.

GraphQL ni vile vile. Ni lugha ambayo programu moja inaomba nayo habari kwa nyingine; Facebook waliianza mwaka 2012, wakaitoa kwa watu wote 2015. Ombi moja huomba vitu vingi. Jibu likirudi, seva mara nyingi imeandika juu yake 200, ni kusema «sawa». Lakini hiyo 200 inasema tu kijana amefika. Ndani mna «data», na pengine «errors», yaani makosa. Zote mbili zaweza kuja pamoja. Kila kosa lina «message», maneno ya kulieleza, na mara nyingi «path», njia ya kuonyesha kitu kipi kilikosekana. Mahali pa kitu hicho, ndani ya data, kwa kawaida panaandikwa null. Null si sifuri!

Hapa tukae kidogo. Tukitengeneza programu ya pointi, na Kifaransa kikarudi null, mwenye haraka ataweka 0. Asilimia inashuka, mtoto anarudia darasa, baba anafoka nyumbani, na mtoto alijibu vizuri. Seva ndiyo ilishindwa kusoma. Basi programu iandike: «Pointi hazijapatikana.»

Apollo Client, chombo cha upande wa mwombaji, kinakuachia uchague kwa neno errorPolicy. Usipochagua, ni «none»: kosa moja tu, data yote inatupwa, hata mchele mzuri. «Ignore» inatupa kikaratasi. «All» inakupa mizigo pamoja na kikaratasi. Sisi wa darasa la sita tunapenda «all», ila kwa mwenye bidii ya kusoma. Mvivu abaki na «none».

Rezo ikikatika, hilo ni jambo lingine: kijana hakurudi, wala hujui kama alifika. Kama uliomba kusoma pointi, rudia tu. Kama ulituma malipo ya minervali, ngoja! Pengine yameandikwa tayari, jibu ndilo lilipotea njiani, nawe utalipa mara mbili. Uliza kwanza kama yamo. Tena kila malipo yapewe namba yake, ili seva ikiona namba ileile isiandike mara ya pili.