Doa jeusi kwenye unyayo

SWALI: Daktari, Mama ana uvimbe laini mgongoni kwa miaka mingi, haumuumi. Mimi nina doa jeusi kwenye unyayo, na linatanuka. Je, ni saratani? Msomaji, Mpitimbi, Songea.

JIBU: Uvimbe wa mama, kama ukibonyezwa unateleza chini ya ngozi na haukui, huenda ni wa mafuta tu. Ukianza kukua upesi, kuwa mgumu au kuuma, auonyeshe hospitali.

Doa lako ndilo linalonipa wasiwasi. Kwetu watu weusi, melanoma, saratani ya chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Jua halihusiki sana huko, ndiyo maana wengi hudhani ni mwiba au jeraha la jembe. Melanoma ya mwanamuziki Bob Marley ilianza na doa chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Siwezi kukuambia ni nini bila kipimo. Nenda Hospitali ya Peramiho, au ya rufaa ya mkoa pale Songea, ukaombe kipande cha nyama kikatwe na kupimwa. Nakusihi, usilichome wala kulikwangua kwa wembe. Melanoma ikiondolewa mapema, ikiwa bado nyembamba, wengi hupona. Ikishafika kwenye tezi za kinena, matibabu huwa magumu. Nenda wiki hii, hata kama shamba linakusubiri.