Mabwawa ya Majitaka: Utunzaji na Udhibiti wa Harufu

Mtahiniwa, swali kuhusu majitaka halikutaki utaje kero peke yake. Taja chanzo, kisha oanisha kila chanzo na hatua yake. Yapo mabwawa yaliyo jirani na makazi, kama ya Vingunguti jijini Dar es Salaam. Kwa hiyo utunzaji wake unagusa afya na utu wa wakazi.

A: Jinsi mabwawa yanavyofanya kazi
Majitaka hupita katika mabwawa kwa mfuatano:
1. Bwawa la kwanza lina kina cha mita 2 hadi 5. Halina oksijeni, tope hutuama na kuozeshwa na bakteria.
2. Bwawa la pili lina kina cha mita 1 hadi 2. Mwani hutumia mwanga wa jua kutoa oksijeni, na bakteria huitumia kuozesha uchafu uliobaki.
3. Bwawa la tatu lina kina kifupi. Mwanga wa jua husaidia kuua vimelea vya magonjwa.

B: Chanzo cha harufu
Harufu ya yai viza hutokana na gesi ya haidrojeni salfaidi, inayotolewa na bakteria mahali pasipo na oksijeni. Bwawa la pili likiwa na afya huwa la kijani. Likigeuka kijivu au jeusi, limezidiwa na uchafu.

C: Hatua za utunzaji
(i) Kusafisha chujio la kuingilia kila siku na kufukia takataka zilizonaswa.
(ii) Kufyeka nyasi kingoni ili kuzuia mazalia ya mbu.
(iii) Kuondoa tope katika bwawa la kwanza linapofikia theluthi moja ya ujazo.
(iv) Kuondoa utando katika bwawa la pili na la tatu ili mwanga upenye.
(v) Kutoa taarifa kwa wakazi kabla ya kuondoa tope, na kupokea malalamiko yao.

ZINGATIA: Usiandike kwamba utando uondolewe katika mabwawa yote. Katika bwawa la kwanza utando huachwa, kwa sababu hupunguza harufu inayotoka. Nzi wakizaliana juu yake, hunyunyiziwa maji ili uzame.

D: Swali la mfano
Wakazi wanalalamikia harufu kali, na bwawa la pili limekuwa jeusi. Eleza chanzo na hatua mbili za kuchukua.

Jibu: Bwawa limepokea uchafu mwingi kuliko uwezo wake, hivyo mwani umekufa na oksijeni imekwisha. Kwanza, sehemu ya majitaka ielekezwe kwenye bwawa jingine ili hili lipumzike. Pili, tope la bwawa la kwanza lipimwe. Likiwa limejaa liondolewe, kwa kuwa ndilo linalosukuma uchafu mbele.

Mtahiniwa anayeandika "wakazi wahamishwe" hajajibu swali: chanzo cha harufu kingali bwawani.